Maswali ya Wasomaji: Mbwa mwitu aliyekuwa akifa kwa mishale mitano

Mwezi huu barua tatu zimegusa jambo moja, nalo ni gemu za mtandaoni zinazobadilishwa kila mara huku mchezaji akiwa amekwisha kuweka jasho lake ndani. Nimeona nizijibu pamoja. Ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu mwandishi wake ameeleza kwa utulivu jambo ambalo wengi huliandika kwa matusi.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Sinza na nauza vipuri vya simu katika duka moja Kariakoo. Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikicheza gemu moja ya mtandaoni ya kuigiza wahusika, ile ambayo mtu huchagua mhusika, akamkuza ngazi kwa ngazi, akamtafutia silaha na mavazi, kisha akaungana na wenzake kupigana na majitu makubwa. Nilichagua mpiga upinde. Nimemlea usiku baada ya kufunga duka, kati ya saa nne na saa saba, wakati mtandao unapokuwa mwepesi, na upinde alionao sasa niliuhangaikia kwa wiki sita.

Katika muda huo nimehesabu masasisho matano, na matatu kati yake yamempunguza makali mpiga upinde. Kwanza walishusha nguvu ya mshale kwa asilimia 10. Kisha wakashusha kasi ya kuvuta upinde kwa asilimia 10. Mwezi uliopita wakashusha kwa asilimia 10 kizidishi, yaani namba inayozidisha nguvu ya mshale, cha ile mbinu tunayoiita jicho la mwewe. Sasisho hilo la mwisho lilikuwa na gigabaiti tisa, nami nikanunua kifurushi cha intaneti kwa pesa yangu ili nipakue kitu kilichokuja kunidhoofisha. Mbwa mwitu wa msituni aliyekuwa akifa kwa mishale mitano sasa anakufa kwa sita, na huo wa sita mara nyingi siuwahi kabla hajanifikia. Wenzangu wawili wameacha kucheza. Wengine wamehamia kwa mchawi wa moto, kwa kuwa ndiye aliyependelewa safari hii, na mimi naona hata yeye zamu yake itafika.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini watengenezaji hawawezi kuimaliza gemu ikabaki kama ilivyo, mithili ya bao au drafti, ambazo hazibadilishwi kila mwezi? Na je, niendelee na mhusika wangu, nihamie kwa mwingine, au niache kabisa?

Mpiga Upinde, Sinza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijasema lolote kuhusu watengenezaji, nataka ujue kwamba hesabu yako ya mishale si hisia tupu. Tuchukulie kwamba yule mbwa mwitu ana uhai wa 1,000, na kila mshale wako ulikuwa ukimpunguzia 240. Mishale minne ilimtoa 960, akabaki na 40, na wa tano ukammaliza. Sasa nguvu ya mshale imeshuka kwa asilimia 10 na kizidishi cha jicho la mwewe kimeshuka kwa asilimia 10 nyingine, na kwa kuwa vitu hivi viwili huzidishwa, mshale wa 240 umebaki 194 na ushei. Mishale mitano inafikisha 972 tu. Mnyama anabaki na uhai wa 28, kiasi cha kukwaruzwa, lakini yu hai na anakuja mbio.

Juu ya hapo kasi ya kuvuta upinde nayo imeshuka. Ikiwa zamani kila mshale ulichukua sekunde moja, kazi ya sekunde tano imekuwa kazi ya sekunde sita na theluthi mbili. Watengenezaji wametangaza asilimia 10 mara tatu, na kila moja peke yake ilionekana ndogo na ya haki. Wewe uliye msituni umeongezewa theluthi nzima ya muda wa kukaa mbele ya meno. Tena sisi tunaocheza kutoka Dar es Salaam, mara nyingi kwenye seva (kompyuta zinazoendesha gemu) zilizoko Ulaya, tunajua kwamba amri ya kidole huchukua sehemu ya sekunde kufika huko na matokeo yake huchukua nyingine kurudi, kwa hiyo mshale wa sita tunauona umetoka wakati kule seva imekwisha kuamua kwamba tumeumwa. Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaowaambia wachezaji kwamba wanalalamikia asilimia chache. Mchezaji hapigani na asilimia, anapigana na idadi ya mishale, na idadi hiyo hairuki kidogo kidogo. Jana ni mitano, leo ni sita.

Sasa nije kwenye swali lako la bao, ambalo ndilo kiini cha jambo lenyewe. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32: kumi ziko ubaoni tangu mwanzo, zikiwemo sita za nyumba, na 22 ziko mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja. Wazee wawili wanaokutana chini ya mwembe Magomeni baada ya swala ya alasiri wamekaa mbele ya nyumba zinazolingana na mashimo yanayolingana, wala hakuna kati yao aliyepewa kete zinazowaka moto huku mwenzake akipewa kete zinazoponya. Akifungwa mmoja, amefungwa na akili ya mwenziwe. Mchezo wa namna hiyo unajisawazisha wenyewe, na ndiyo maana umeweza kurithiwa na vizazi vingi bila mtu kuja kila mwezi kuhesabu kete upya.

Gemu yako imejengwa kinyume chake. Utamu wake wote uko katika kutofautiana: wewe unapiga ukiwa mbali, mwenzako mwenye ngao anapigwa badala yenu, mganga anawaponya, mchawi anaunguza kundi zima kwa mara moja. Watu hawa wanne hawana kipimo kimoja cha kuwalinganisha, na bado wote wanatakiwa wawe na sababu ya kuitwa kikosini. Kila silaha mpya inayoingizwa hukutana na silaha, mbinu na mavazi yote yaliyokuwemo, kwa hiyo kitu kimoja kilichoongezwa huzaa maelfu ya michanganyiko, na timu ya watengenezaji, hata ikiwa na mamia ya watu, haiwezi kuijaribu yote kabla ya kuitoa. Wachezaji wakifunguliwa mlango hujaribu katika wiki moja saa nyingi kuliko timu ilizojaribu katika mwaka. Mmoja akigundua mchanganyiko unaovunja mizani, kufikia jioni wote wanaujua, na kufikia mwisho wa mwezi kila anayetaka kukubalika kikosini analazimika kuwa mpiga upinde, apende asipende. Hapo gemu yenye wahusika kumi imebaki na mhusika mmoja. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ingefaa waiache bila kuigusa. Gemu ya aina hii isiposawazishwa hufa pia, ila kifo chake ni cha polepole na wa kwanza kuondoka ni wale waliochagua wahusika dhaifu, ambao kwa kawaida hawapigi kelele.

Kinachonichoma ni namna kazi hiyo inavyofanywa, na hapa niko upande wako waziwazi. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba binadamu huumizwa na hasara zaidi ya anavyofurahishwa na faida ya kiasi kile kile, na utafiti wao wa baadaye ulikadiria uzito wa hasara kuwa zaidi kidogo ya mara mbili. Mtengenezaji anayejua hilo, akitaka kumsogeza mchawi na mpiga upinde wakaribiane, anaweza kumwinua yule wa chini kabla ya kumshusha yule wa juu, au akafanya vyote viwili kwa kiasi. Kushusha peke yake ni rahisi zaidi kwake, maana akiinua kila mtu bila kikomo majitu yote yatakufa kwa pigo moja, naye atalazimika kuyaongezea uhai. Naielewa sababu hiyo. Lakini urahisi wake unalipwa na wiki zako sita.

Historia ya gemu hizi ina mifano ya kuogofya. Star Wars Galaxies, iliyofunguliwa Marekani mwaka 2003, iliwapa wachezaji fani 34 walizoweza kuzichanganya watakavyo, hata mtu akaweza kuishi kwa ufundi cherehani au kwa kucheza ngoma kwenye vilabu vya sayari za mbali. Mwezi Aprili 2005 mfumo wa mapigano ukafumuliwa, na mwezi Novemba mwaka huo huo ukafumuliwa mara ya pili, zile fani 34 zikageuzwa kuwa tisa. Watu waliokuwa wameinua fani kwa miaka miwili waliamka wakakuta haipo. Wengi waliondoka na hawakurudi, na gemu ikafungwa tarehe 15 Desemba 2011. Sisemi kwamba sababu ilikuwa hiyo peke yake, ila mpaka leo wachezaji wa zamani wakitaja kuvunjika kwa gemu ile hutaja Novemba 2005.

Mfano wa pili ni wa juzi. Diablo IV ilitoka Juni 2023, na tarehe 18 Julai likatolewa sasisho lililodhoofisha karibu wahusika wote kwa pamoja, muda mfupi kabla ya msimu wa kwanza kuanza. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba katika siku hizo hizo viongozi wa timu walijitokeza kwenye matangazo ya moja kwa moja, wakakiri makosa na kusema hawakusudii kutoa sasisho la namna ile tena, na mwezi Agosti wakaja na nyongeza za makali kwa wahusika waliokuwa wameachwa nyuma. Hapo wachezaji walisikilizwa, na walisikilizwa kwa sababu walisema kwa namba.

Kuna pia njia ya tatu, ambayo mimi naiheshimu kuliko zote. Waendeshaji wa RuneScape walibadilisha mfumo wa mapigano Novemba 2012, wachezaji wakakasirika, na Februari 2013 kampuni ikafungua upya gemu ya zamani kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa Agosti 2007. Kuanzia hapo ikaweka utaratibu kwamba jambo jipya huingia likipata asilimia 75 ya kura za wachezaji, kiwango kilichokuja kushushwa hadi asilimia 70. World of Warcraft nayo, iliyoanza mwaka 2004, ilirudisha sura yake ya kwanza kwenye seva maalumu mwaka 2019, ikapokewa na foleni ndefu za watu waliosubiri kuingia. Mtu anayekuambia kwamba wachezaji hawajui wanachotaka, mwonyeshe foleni hizo.

Umeuliza ufanye nini. Kwanza, usihame kwenda kwa mchawi wa moto wiki hii. Anayefuata nguvu hufika ikiwa inaondoka: utatumia mwezi kumkuza, na sasisho la sita likitoka utakuwa na wahusika wawili waliodhoofishwa badala ya mmoja. Baada ya sasisho lolote ngoja wiki mbili, kwa kuwa masahihisho ya haraka hutolewa katika kipindi hicho hicho, na katika siku hizo usiuze wala kuvunja silaha yoyote. Upinde wa wiki sita ukishauvunja kwa hasira hautarudi hata wakirudisha makali.

Pili, tumia siku hizo kutafuta mshale wa sita ulipojificha. Mbwa mwitu wako amebakiza uhai wa 28 kati ya 1,000. Hicho ni kipande kidogo mno, ambacho pete moja yenye nyongeza ya asilimia tatu inaweza kukiziba, kwa sababu 194 ikiongezeka kwa asilimia tatu inafika 200 na mishale mitano inatosha tena. Mimi mwenyewe nimecheza mganga kwa miaka mingi, na katika gemu niliyoipenda kuliko zote niliwahi kupunguziwa uponyaji mara mbili katika msimu mmoja. Niliandika kwenye daftari la shule la mwanangu uhai wa kila mwenzangu kikosini na ukubwa wa kila pigo la lile jitu, nikagundua kwamba nilihitaji kuanza kuponya nusu sekunde mapema tu. Wiki ile nilikuwa na hasira sawasawa na yako. Daftari bado ninalo.

Tatu, andika malalamiko kama ulivyoniandikia mimi. Taja kiumbe, idadi ya mishale kabla na baada, na muda uliotumika, kisha omba mambo mahususi: mabadiliko yatangazwe mapema na yajaribiwe kwenye seva ya majaribio iliyo wazi kwa wote, na kila mhusika anayeguswa aruhusiwe kupanga upya mbinu zake bila kulipia. Ukipenda, omba pia watenganishe namba za kupigana na majitu na zile za wachezaji kupigana wao kwa wao, jambo ambalo gemu ya Guild Wars ililifanya kwa baadhi ya mbinu zake, maana mara nyingi mpiga upinde hudhoofishwa kwa ajili ya makosa yaliyoonekana uwanjani huku anayelipa ni yule aliye msituni.

Na kuhusu kuacha, nitakuambia kipimo ninachokitumia. Ikiwa bado unafungua gemu ili ukutane na wenzako na kwa hamu ya kulenga vizuri, baki. Ikiwa unafungua ili tu usipoteze ulichokwisha kuwekeza, basi saa zako tatu za usiku baada ya kazi ya kutwa Kariakoo ni nyingi mno kuzilipa kwa ajili hiyo, na hutakuwa umeshindwa na mtu ukiziondoa.

SWALI: Habari za kazi, Mhariri. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Tabata, na ni kiongozi wa kikosi cha wachezaji 22, karibu wote wa hapa Dar es Salaam. Kila sasisho linapotoka huzuka ugomvi wa nani aachwe nje ya safari ya kupigana na jitu kubwa kwa sababu mhusika wake amedhoofishwa. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja aliachwa mara tatu mfululizo, na sasa hajibu hata salamu. Wengine nao wanasema hawana pesa za kupakua kila sasisho. Nifanyeje?

Kiongozi, Tabata

JIBU: Salama, dada yangu. Anza na huyo kijana leo: mpigie simu, usimtumie ujumbe, na umwambie kwamba kuachwa kwake kulikuwa uamuzi wa kikosi uliokosewa. Kisha weka kanuni kabla ya sasisho lijalo, wakati hakuna mwenye hasira, kwamba ndani ya wiki mbili za kwanza hakuna atakayeachwa kwa sababu ya mhusika wake. Safari nyingi za kikosi hazidai nguvu ya juu kabisa. Hudai watu wanaojua wasimame wapi na wakimbie lini, na mtu uliyesafiri naye miezi sita akiwa na upungufu wa robo ya nguvu ni wa thamani kuliko mgeni mwenye nguvu kamili asiyejua njia. Huwa inatokea pia kwamba yule aliyeachwa mwezi huu ndiye anayependelewa na sasisho la mwezi ujao, na mkimhitaji atakuwa amekwisha kwenda kikosi kingine.

Kuhusu gharama, ikiwa gemu yenu ni ya kompyuta, si lazima watu 22 wapakue gigabaiti tisa kila mmoja. Mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo apakue mara moja, wengine wanakili folda ya gemu kwenye diski ya kubebeka, na programu ikifunguliwa itakagua faili na kupakua kilichopungua tu. Wachezaji wa simu hawana njia rahisi kama hiyo, lakini wanaweza kukutana Jumamosi kwa huyo huyo mwenye intaneti, na kikosi ambacho watu wake wamewahi kula ubwabwa pamoja hakigombani kwa urahisi juu ya nani ana mishale mingapi.

SWALI: Mhariri, mwanangu wa kidato cha tatu alitumia shilingi 30,000 za akiba yake kununua upanga ndani ya gemu, nami nikamlipia kwa simu. Siku kumi baadaye upanga huo ukapunguzwa nguvu. Je, anaweza kurudishiwa pesa?

Mzazi, Mbagala

JIBU: Mzazi mwenzangu, masharti ya gemu nyingi husema kwamba mnunuzi hamiliki kitu chenyewe, amepewa ruhusa tu ya kukitumia, na kwamba mwenye gemu anaweza kukibadilisha wakati wowote. Kwa hiyo haki ya moja kwa moja ni ngumu kuipata, lakini kuomba si kosa, na kumewahi kufaa: mwaka 2005, ile Star Wars Galaxies niliyoitaja hapo juu ilipofumuliwa siku chache baada ya kuuza nyongeza mpya, kampuni ilikubali kuwarudishia pesa walionunua nyongeza hiyo. Mwandikie mwenye gemu kupitia sehemu ya huduma kwa wateja iliyomo ndani ya gemu yenyewe, bila kuchelewa. Taja tarehe ya kununua, tarehe ya sasisho, na maelezo ya upanga kama yalivyokuwa siku ya kuuzwa, na kama mwanao alipiga picha ya ukurasa huo iambatanishe. Ule ujumbe wa muamala uliokuja kwenye simu yako usiufute, kwa maana namba iliyomo ndiyo watakayokuuliza kwanza.